Kusimulia salamu na kusalimia ni vitu viwili: kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeganda mbele ya mgonjwa

Swali lenyewe nimelikata kidogo maana lilikuwa refu:

"Sista shikamoo. Niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi, Kenya. Masomo ya darasani karibu yote tunasoma kwa Zoom nikiwa nyumbani Kilifi, chuoni tunaitwa wiki chache tu za mazoezi kwa mdoli. Mwezi uliopita nimeingia wodi mara ya kwanza. Prosija naweza, ila kuongea na mgonjwa siwezi, nafika kitandani naganda. Mzee mmoja akaniuliza 'wewe ni nesi ama ni mgeni?' Sista wa wodi anatuita manesi wa simu. Tutor wetu naye anasema kuna utafiti wa Marekani ati hata nusu ya klinikali (mazoezi ya wodini) inaweza kufanywa kwa simulesheni, yaani mgonjwa wa kuigiza, na mtu akatoka sawa tu. Nani mkweli? Na mimi nimeshaharibika?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho maana ndo lenye presha: hujaharibika. Mi nimevaa gauni jeupe miaka 19 sasa hapa Tanga, 9 ya mwisho nasimamia wanafunzi wodini, na watu wa kuganda nimewaona tangu enzi hizo simu ya maana ni ile ya tochi. Mwenyewe niliganda, tena mbele ya mama aliyefiwa na mtoto usiku ule, nikamuuliza "unaendeleaje mama" mara tatu mfululizo mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniambia mwanangu hebu nenda kanywe maji kwanza.

Kwaiyo kuganda sio ugonjwa wa Zoom. Ila nikisema hamna tofauti yoyote nitakuwa muongo, tofauti ipo, na sio hiyo sista wako anayoisema. Wakubwa wanapenda kusema vijana wa simu hawana huruma, hawana utu, sijui kizazi kimeoza. Mimi siioni hiyo. Huruma mnayo tele, nawaona mnajificha stoo ya mashuka kulia. Tofauti ninayoiona ni ndogo na ya ajabu kidogo, kwamba mtu aliyesomea kwenye skrini amezoea KUSIMULIA salamu badala ya kusalimia.

Ngoja nieleze. Mtihani wa vitendo ukifanyika kwa video mgonjwa hayupo, sasa mwanafunzi anamwambia mtahini "nitamsalimia mgonjwa, nitajitambulisha, nitamweleza ninachotaka kufanya, nitaomba ridhaa, nitahakikisha faragha", tiki tiki tiki, maksi zote kachukua na hajasalimia mtu. (Haki ya Mungu hata sisi tulifanya hivyohivyo mbele ya mdoli, mdoli nani atamsalimia bana, lakini sisi tukitoka hapo mchana uleule tunaingia wodini kwa watu wenye masikio.) Sasa ukifanya hivyo mwaka mzima kichwa kinaamini kabisa kuwa umeshajua kusalimia, kumbe umejua orodha.

Nilikuwa na kijana mmoja, kichwa kizuri sana, darasani anaongoza. Nikampeleka kitanda cha 7, bibi wa miaka sabini na kitu, ana sukari, kakatwa vidole viwili vya mguu na kidonda kinasafishwa kila siku. Kijana kafika na troli yake imepangwa vizuri mno, halafu macho kayaelekeza kwangu, sio kwa bibi, akasema kwa sauti: "Namsalimia mgonjwa na najitambulisha." Bibi akamwangalia, akaniangalia mimi, akajibu "marahaba". Shikamoo yenyewe haijatoka! Wodi nzima ilicheka na kijana naye akacheka, afadhali.

Akaendelea. "Bibi, maumivu yako ni ngapi kuanzia sifuri mpaka kumi?" Bibi akasema, "Namba za nini mwanangu, mguu si huu hapa." Kijana akasubiri kama sekunde mbili hivi, akaandika kwenye faili: hana maumivu. Mimi nikanyamaza makusudi nione. Muda huo mama mhudumu anadeki pembeni, hata fagio hakulisimamisha, akauliza tu kama anapita, "Bibi, jana ulilala?" Weee. "Nilale na mguu huu? Tangu adhana ya alfajiri ya juzi sijafumba jicho, na huu wa pili nao umeanza kuchoma choma kama pilipili." Maumivu, muda yalipoanza, yanavyofanana, na dalili mpya mguu wa pili, vyote vimetoka kwa swali la maneno matatu. Nikamwambia kijana futa hiyo, andika upya.

Sasa yule mama mhudumu hajasomea kipimo chochote cha maumivu. Alichonacho ni miaka ya kusikia watu wakiongea wodini, anajua bibi wa huku hakupi namba, anakupa usingizi, anakupa chakula, anakwambia "siku hizi nasali nimekaa". Kipimo cha sifuri mpaka kumi sio kibaya, nakifundisha, ila kinahitaji mlango wa kuingilia na mlango huo hauko kwenye slaidi.

Ndo nakuja kwenye kitu ambacho nadhani mmenyimwa hasa. Vipindi hamjanyimwa, vipindi mmepewa, tena vimerekodiwa unaweza kurudia mara kumi, sisi tulikuwa tunanakili ubaoni. Mlichonyimwa ni yale ya katikati ya vipindi. Ile kutembea kundi zima kutoka hosteli mpaka wodini huku mnaigizana sauti za matron, kusubiri mwenye funguo za kabati la dawa, chai ya saa nne, kusimama nyuma wakati zamu ya usiku inakabidhi kwa zamu ya asubuhi na unasikia wakubwa wanavyomzungumzia mgonjwa akiwa amelala pale pale anasikia. Hakuna anayekufundisha kitu saa hizo na ndo saa unazojifunza kuongea. Tulikuwa na sista mmoja mtu mzima, keshastaafu sasa, kila akitaka kumuuliza mgonjwa jambo zito anaanza kukunja pindo la shuka, polepole, kama analinyoosha, haongei. Anakunja anakunja. Mgonjwa mwenyewe anaanza kusema. Nilikuja kugundua baadae sana kwamba ile shuka haikuwa na shida yoyote. Hiyo utairekodi vipi ukaitume WhatsApp?

Na skrini inafundisha watu kuongea mmoja mmoja, anayetaka kusema ananyoosha kimkono, wengine kimya. Wodi yetu ina vitanda thelathini, pazia ni moja na limening'inia upande, ndugu wanne wamezunguka kitanda kila mmoja anajibu kwa niaba ya mgonjwa, mtoto wa jirani analia, na wewe unatakiwa kumuuliza mama wa watu kama ana uchafu unaotoka ukeni. Hilo ndo somo la mawasiliano kwetu, kujua kuishusha sauti, kujua kumwambia mume "baba naomba utusaidie kununua pamba hapo nje" ili ubaki na mama dakika tano. Na huko kwenu una wazee wa Kigiriama ambao Kiswahili cha darasani kinawapita pembeni, wanaitikia tu ndiyo ndiyo, mjukuu wa miaka 12 ndo mkalimani wako, sasa utamuulizaje mjukuu habari za mkojo wa babu yake? Tafuta mwanamume mtu mzima wa lugha hiyo hapo wodini, huwa hakosekani.

Kingine simu. Najua ukisimama kitandani unaitoa kuangalia dozi maana vitabu vyenu vyote vimo humo. Mgonjwa yeye anaona binti anachati wakati yeye anaumwa. Mwambie tu, "baba naangalia kiasi cha dawa yako kwenye simu", sekunde tatu, na ukitaka mgeuzie aone.

Haya, lakini sitaki uondoke hapa unaamini kwamba darasa la ana kwa ana lilikuwa linatoa malaika. Hapa nitawasema wenzangu. Mkoani kwetu Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, kulikuwa na mradi wa utafiti uliitwa Staha, wakawauliza akina mama waliojifungua kama walidharauliwa au kunyanyaswa. Wakiwa wanatoka tu kituoni waliosema ndiyo walikuwa kama 19 katika kila 100. Baadhi yao wakafuatwa majumbani wiki kadhaa baadae, ikawa 28. Kwenu Kenya kulikuwa na mwenzake unaitwa Heshima, mama mmoja kati ya watano alisema kafanyiwa hivyo. Hiyo yote ni kabla ya korona, manesi waliowafokea wale akina mama hawakusomea Zoom, walikaa darasani ana kwa ana na kipindi cha mawasiliano walifaulu. Kwaiyo sista anayekuita nesi wa simu mwambie kimoyomoyo (kimoyomoyo nimesema, usije ukafukuzwa) kwamba tatizo lina umri kuliko intaneti.

Na hizo namba mbili za Staha zitazame tena, 19 na 28. Akina mama wa vituo vilevile, ila wakiwa hospitali wanasema ni sawa, wakifika kwao wanasema ukweli zaidi. Ndo maana mgonjwa akikujibu "nzuri tu sista" usiishie hapo, yuko kwenye kitanda chako, dawa unazo wewe, sindano unayo wewe, atakujibu nini zaidi?

Kuhusu kusoma kwa masafa, bila kukaa darasani, kufaulu au kufeli, mfano mzuri uko kwenu kwenyewe. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya, pamoja na kampuni ya Accenture, walianza kuwapandisha manesi wa cheti kwenda diploma kwa kusomea kwenye kompyuta, lengo lilikuwa manesi 22,000. Mtu anasoma huku yuko kazini kwake, na hakuna aliyewaita manesi wa CD. Kwanini? Kwa sababu wale walikuwa manesi tayari, wana miaka ya wodi mgongoni, usiku anasoma kumsikiliza mgonjwa, asubuhi mgonjwa huyo hapo. Wewe umepewa njia ileile ila umeanzia upande wa pili, unasoma kwanza watu baadae, na kati ya hivyo viwili pana miezi mingi ya ukimya.

Sasa huo utafiti wa Marekani wa tutor wako, upo kweli, ni wa NCSBN, baraza la bodi za wauguzi la huko, ulitoka 2014, na alichosema sio uongo, walibadilisha mpaka nusu ya saa za klinikali kwa simulesheni na wanafunzi wakatoka sawa na wenzao, wakafuatwa mpaka miezi sita ya kwanza kazini. Lakini simulesheni ile ni chumba, mdoli anayepumua na kuongea au mtu halisi anayeigiza mgonjwa, mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, na mkimaliza mnakaa chini mnachambua nani kasema nini na kwanini kanyamaza. Hiyo ni gharama kubwa. Kuangalia video ya prosija ukiwa umelala kitandani Kilifi na kamera umezima sio hiyo simulesheni, jina linafanana tu. Hata Uingereza wanataka saa 2,300 za vitendo kabla hujasajiliwa, na tangu 2023 chuo kilichotimiza masharti kinaruhusiwa kuhesabu humo saa 600 za simulesheni, zinazobaki ni watu. Tutor wako kakusomea kichwa cha habari, ndo hivyo.

Online ina mazuri yake pia kwenye hilihili la watu, nisiwe mchoyo. Darasa la watu 120 wanaoongea ni walewale sita wa mbele. Kwenye chati nimeona mabinti wa kimya wakiuliza maswali ya akili mpaka nashangaa huyu alikuwa wapi. Na kumfuatilia mgonjwa kwa simu ni kazi inayokuja kwa kasi, mgonjwa wa presha kijijini, mama aliyejifungua juzi, humuoni uso, unasikia pumzi tu na ukimya, hapo nyie mtatushinda mbali.

Nilichokuwa naogopa zaidi kwa wanafunzi wa skrini hata sio mgonjwa, ni sisi wenzao. Mgonjwa anasamehe, mgonjwa ukimshika mkono kasamehe. Lakini kumwendea sista mwenye hasira saa tisa usiku kumwambia "sista huyu mama simuelewi", au kumpigia daktari aliyelala, hapo ndo watu wanakufa, sio mfano wa maneno. Nina mwanafunzi aliona mapigo ya mgonjwa yanakimbia, presha inashuka, akaandika vizuri kabisa kwenye chati, akatuma na ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la zamu. Sista yuko hatua nane kutoka hapo alipo! Nilipomuuliza akasema aliona yuko bize akaogopa kumkatiza. Mgonjwa tulimuwahi, damu ilikuwa inavuja ndani, lakini tulimuwahi kwa bahati. Kwa hilo dawa ipo na haihitaji uchangamfu hata kidogo, inaitwa SBAR, ilitoka kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi (mtu alikaa chini ya bahari ndo akatusaidia wa huku, dunia hii). Ni vitu vinne: nini kinatokea sasa hivi, mgonjwa ni nani na alilazwa kwa nini, mimi naona ni nini, nataka ufanye nini. "Sista, mama wa kitanda cha 12 mapigo 130 na presha imeshuka 85 kwa 50. Kajifungua saa mbili zilizopita. Nahisi anavuja damu. Naomba uje sasa hivi." Sekunde kumi na tano hazifiki. Isome kwa sauti nyumbani, mbele ya sufuria, mpaka ulimi uzoee, maana ukiogopa ulimi unaenda unakojua.

Na kuongea na mgonjwa unaweza kufanyia mazoezi hapohapo Kilifi wala usisubiri chuo kiite. Siku hizi wewe ni nesi wa mtaa upende usipende, shangazi ana presha, jirani ana mtoto mgonjwa. Kaa na shangazi umuulize dawa zake anazimezaje, usimwelekeze chochote, lengo ni usikie tu kwa dakika kumi. Utashangaa ulimi unavyokuwasha kumkatiza. Ukiweza kutulia pale anaponyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka saba kabla hujajaza ule ukimya, la maana mara nyingi linakuja kwenye tano au sita. Kisha kwenye vipindi vyenu, mkifanya igizo, washa kamera na usalimie kweli, "shikamoo mzee, naitwa fulani", hata kama mwenzako anacheka, usiseme "nitamsalimia". Mkatazane kabisa kwenye grupu lenu, anayesema "nitamsalimia" anunue bando la wote.

Wodini nenda nusu saa kabla ya zamu kama nauli na wakubwa wanaruhusu, simama nyuma usikilize wanavyokabidhiana. Chagua nesi mmoja unayeona wagonjwa wanamuita kwa jina, huwa yupo kila wodi, na mara nyingi sio msomi kuliko wote. Omba umbebee troli. Usimuulize anafanyaje, hatajua kukwambia, mwangalie tu anasimama upande gani na mikono anaiweka wapi. Na utulivu wa mikono ni nusu ya maongezi, wewe ukifika na mikono mitupu unaganda kwa sababu hujui uifanyie nini, basi ipe kazi, mimina maji, nyoosha mto, kunja hiyo shuka.

Na yule mzee aliyekuuliza nesi ama mgeni, usiione kama tusi. Kakuuliza swali la haki, mtu kaja kasimama miguuni kwake hasemi neno. Kama bado yuko wodini rudi kesho. "Shikamoo mzee, lile swali lako la juzi sikukujibu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naitwa fulani, leo niko na wewe mpaka saa nane." Halafu vuta kiti. Kiti kikikosekana, na najua kitakosekana, chuchumaa.